Sahani ya Buluu

Mama alipofungua gunia la msaada, unga uliruka ukatanda jikoni kama ukungu. Mwanga wa jua ulishuka kutoka kwenye tundu la bati, ukapita humo polepole.

"Usipige chafya," Baba alimnong'oneza binti yake. "Utatuamsha ndotoni."

Binti alitabasamu. Ukame ulikuwa umekula mahindi shambani, ukala mbuzi, kisha ukala na maneno. Ilikuwa siku nyingi Baba hajatania.

Binti akaenda kabatini kutoa sahani. Ya Baba ilikuwa safi. Yake pia ilikuwa safi, imekwanguliwa hadi maua yake yamefutika. Ya Mama, ile ya buluu, ilikuwa nyuma kabisa. Alipoishika, vidole vyake viliacha alama kwenye vumbi. Buibui alikuwa ameshafuma utando ukingoni, mwepesi kama pumzi.

Akabaki ameishika. Kila jioni ya njaa ile, Mama aliwapakulia wao wawili, kisha akajifuta midomo kwa upindo wa kanga. Kuleni, alikuwa akisema, mimi nimeshakula huku jikoni.

"Mama," aliita taratibu, "nikuoshee sahani yako?"

Mama hakugeuka. Alikuwa amelitazama sufuria, nyusi zake nyeupe kwa unga, kama mtu anayeota.

"Lete zenu tu, mwanangu. Mimi nimeshakula."

Tabasamu la Baba likazimika. Maji ndiyo kwanza yamebandikwa, na unga wote ulikuwa bado guniani.