Mguu wa Mzee Yesaya

Mguu wa mumewe ulimpiga Ketrina begani alipoutia kwenye maji baridi, beseni likapinduka, maji yakatapakaa sakafuni.

"Umenijua, baba Hezron!" alisema, akicheka. "Umejua ni mimi."

Nesi Atupele, aliyetoka Vwawa kumwangalia mzee wa kiharusi, alichukua tambara akamsaidia kukausha sakafu.

"Bibi, aliyekupiga si babu. Baridi ikigusa unyayo, habari inafika kwenye uti wa mgongo, na jibu linatoka hapo hapo. Halisubiri kichwa." Akaona uso wa bibi umenyong'onyea, akaongeza kwa upole: "Lakini ukiipua sufuria ya moto, si mkono unataka kuachia? Unaushikilia tu, chakula cha watoto kisimwagike. Hapo sasa ni wewe mwenyewe."

Ketrina akaitikia. Miezi saba Yesaya hakuwa amesema neno wala kukonyeza jicho. Hezron, mtoto wao wa kwanza, alikwisha kuamua: Jumapili atamchukua mama akapumzike kwake Tunduma, baba abaki na mtu wa kuajiriwa.

"Mama, baba hajui hata nani anamwosha. Unajimaliza bure."

Jumamosi Ketrina alichuma kahawa tangu asubuhi, baridi ya Julai ikimng'ata vidole. Aliporudi hakuwa na nguvu ya kuwasha moto. Akachota maji ya kwenye pipa, akaketi kwenye kigoda mbele ya kiti cha mumewe.

"Piga tu, mzee wangu. Kesho utampiga mwingine."

Akautia mguu majini. Ukaruka. Akaurudisha, ukaruka tena. Akalaza kichwa kwenye goti la Yesaya, apumue kidogo tu, mkono wake ukiurudisha mguu kwenye beseni kwa mazoea. Usingizi ukamchukua hapo hapo.

Alipozinduka, kuku walikuwa wameshaingia bandani. Mguu ulikuwa bado majini, umetulia, vidole vimebadilika rangi kwa baridi. Paja lilikuwa likitetemeka chini ya shavu lake.

Hata teke limekwisha, akawaza. Basi Hezron alisema kweli. Hakuna kilichobaki humu.

Akainua kichwa kutoka kwenye goti.

Mguu ukaruka, maji yakamlowesha mpaka kilemba, naye akaikumbuka sufuria ya nesi, na mkono usioiachia.