Nyumba Itakayouzwa

Tumsifu alikuwa dalali wa nyumba Dodoma, na kama madalali wote wa siku hizo, hakuhangaika kutafuta wateja. Mtambo wa kompyuta wa kubashiri ndio uliomwambia nyumba ipi itauzwa ndani ya mwaka, hata kabla wenyewe hawajawaza kuuza, na haukuwahi kukosea. Kazi yake ilikuwa kuwapigia simu wenye nyumba, kuwajulia hali, kuwatumia salamu za sikukuu, ili siku ya msiba au talaka wamkumbuke yeye kwanza.

Jumamosi moja alipigiwa simu na Shamte, dalali wa kampuni nyingine.

"Dada, samahani sana. Nimepangiwa nyumba yenu."

Tumsifu aliketi kwenye ngazi za barazani. "Kwa sababu gani?"

"Mtambo hautaji sababu. Unajua mwenyewe, dada."

Alijua. Maneno hayo alishawaambia watu wengi, kwa upole huohuo.

Ndani, mumewe Elinami alikuwa akipaka rangi chumba cha binti yao, Nuruana, ambaye alikuwa akirukaruka juu ya godoro lililohamishiwa sebuleni. Elinami alikohoa, akacheka, akasema ni harufu ya rangi tu.

"Nani alipiga?" aliuliza.

"Mteja."

Elinami alimgeukia binti yake, akamwambia ashuke asije akaanguka. Tumsifu alisimama mlangoni akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akajikuta anamwomba Mungu mumewe awe na mwanamke mwingine.