Shati la Mahabusu

Wakili alinyoosha mkono. "Mama, nipe lile shati alilovaa mwanao polisi walipompiga akiwa mahabusu. Ile damu ndiyo kesi yetu ya fidia. Kingine hatuna."

Nikalitoa kwenye mfuko. Nilikuwa nimeliloweka kwa chumvi, nikalifikicha huku nikiomba, mpaka Mungu akaniondolea doa la mwisho. Kisha nikalipiga pasi. Mtoto wa mjane haendi mahakamani na shati chafu.

Wakili aliligeuza mbele na nyuma, akalisogeza dirishani. Kola ilikuwa nyeupe pe.

"Umelifua?"

"Ningemwachaje na aibu ile, baba?"

Mwanangu akacheka kidogo, kwa upande wa mdomo usiouma. "Mama yangu kwa usafi, hana mpinzani."

Karani akachungulia mlangoni. "Mlalamikaji aingie, na ushahidi wake."

Nikalikunja shati upya, kwa mikunjo ileile.