Somo la Makosa

“Uongo, mwalimu,” alisema msichana wa dawati la mbele, na mwalimu wa sayansi akafurahi kama aliyepewa zawadi.

Ukutani, projekta ilionyesha jibu la akili bandia: damu inayorudi moyoni ni ya buluu.

“Umejuaje?”

“Nesi alinitoa damu kwenye mshipa wa mkono. Ilikuwa nyekundu, tena iliyokolea.”

Mwalimu akaiandikia mashine ushahidi huo. Mashine ikaomba radhi na kujisahihisha. Darasa likashangilia.

Nyuma kabisa, mkaguzi alikuwa amejibana kwenye kiti cha mtoto. Wazazi walikuwa wamelalamika kwamba mzee huyu anafundisha makosa, naye alitumwa kuamua kama abaki darasani au aondolewe.

“Moyo una vyumba vitatu,” mwalimu akaendelea.

Mikono ikapanda. “Vinne!”

Mwalimu akautazama mchoro wake ubaoni. “Vinne,” akakubali taratibu.

Mkaguzi akamwinamia mwanafunzi aliyekaa karibu naye. “Hata yeye hukosea makusudi?”

“Ndiyo mchezo wenyewe. Mashine inatudanganya, na yeye anatudanganya, sisi tunawakamata. Juzi kasema ni Jumatatu, kumbe Jumatano. Jana kaja na viatu viwili tofauti. Huyu mzee kiboko.”

“Nani aliubuni?”

“Mwalimu wa hesabu, wa chumba cha pili. Mwaka jana alikuja kutupa sheria. Mwalimu akikosea, msiende kusema nje, msahihisheni hapa hapa.”

Mkaguzi aliamini vitu vinavyoonekana. Alichokiona ni watoto wanaodai ushahidi kwa mashine na kwa mkubwa wao, bila woga. Shule nyingi alizokagua zilikuwa na kompyuta. Watoto wa namna hii hazikuwa nao. Akaamua: mzee anabaki.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu wa hesabu, mama wa makamo, aliingia, koti la mwanamume likining’inia mkononi. Mkaguzi akamweleza uamuzi wake pale pale. Mama yule akashusha pumzi, akashika ukingo wa dawati.

“Asante,” alisema. “Hii kazi ndiyo inayomwamsha asubuhi.”

“Mshukuru mwenzako, mwalimu,” mkaguzi akamwambia mzee. “Mchezo wake umekuokoa.”

Mzee akafuta chaki mikononi, akamsogelea mwanamke yule, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

“Karibu, mama. Wewe ni mzazi wa nani hapa?”

Darasa likaangua kicheko. Msichana wa dawati la mbele alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

“Kosa, mwalimu. Huyo ni mkeo.”

Mzee hakucheka. Akamtazama msichana, kisha akamtazama mama.

“Amepatia,” mwalimu wa hesabu akawaambia watoto, akaanza kumvalisha mumewe koti, mkono mmoja, kisha wa pili, huku darasa zima likipiga makofi.