Waya wa Sensa

"Ukikosea, Mwatumu, kesho usije," alisema Fundi Makame. Ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio ya Mwatumu pale gereji, na gari lililokuwa mbele yao lilikuwa limegoma kuwaka tangu juzi.

Mwatumu alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Kioo kikaonyesha hitilafu: sensa ya injini, kile kifaa kinachohisi mzunguko wake.

"Hata juzi ilisema hivyo hivyo!" Makame akacheka. "Nikafunga sensa mpya, na gari bado bubu. Ni pampu ya mafuta hiyo, binti. Au mashine yako nayo imesomea darasa la jioni kama wewe?"

Mafundi wengine wakaangua kicheko. Mwatumu akafungua boneti. Mashine humwonyesha fundi pa kutafuta tu, kutafuta ni juu yake. Akaupapasa waya wa sensa taratibu mpaka nyuma ya injini. Hapo kidole kikagusa shaba tupu: panya walikuwa wameutafuna. Akauunga, akauzungushia utepe.

"Washa, fundi."

Makame akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Mwatumu akaweka kiganja juu ya bodi ya gari, kama anayempima mtoto homa, na mtetemo mdogo ukaanza kumpanda mkononi, safari hii bila kukatika.