Msomaji Mmoja Aliyebaki

Ndama alikufa saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa mbili Sue alikuwa ameshamwandika kwenye blogu yake.

Aliandika jinsi ndigana, homa ya kupe, ilivyomlaza siku nne, jinsi alivyomfunika gunia na kumwita jina lake. Hakuandika kwamba huyo alikuwa ndama wa tatu mwezi huo. Wasomaji wa ng'ambo walipenda shamba lake la juu ya Olenguruone liwe na ukungu, maua ya pareto na ng'ombe wenye majina. Au ndivyo walivyopenda zamani. Jeff, mumewe, alipokuwa hai, maoni yalifika mia kwa wiki. Miaka sita baada ya kumzika, amebaki msomaji mmoja tu anayejibu. Joan.

"Pole sana," Joan aliandika saa nne. "Usijilaumu. Hao wengine waogeshe dawa ya kupe leo leo, usingoje Jumamosi."

Kiingereza chake kilikuwa cha shule, safi, bila madoido. Sue aliwahi kumuuliza anaishi wapi.

"Kijijini," Joan akajibu. "Leo asubuhi maji yameganda kwenye ndoo."

Basi Sue akajichorea nyumba ya mawe kule kwao kaskazini mwa Uingereza, mjane mwenzake, paka, moto wa kuni. Wakaanza kuandikiana pembeni, mahali wengine hawaoni. Alimwambia Joan mambo ambayo hakumwambia mtu mwingine: kwamba siku zingine jua huchwa hajaongea na mtu, na kwamba anaogopa kufa huku juu akutwe siku ya tatu. Joan hakumpa moyo wa bure. Alimjibu tu, kila mara, hata kama ni mstari mmoja.

Ndiyo maana ujumbe wa Julai ulimshtua. "Nimeambiwa nikapigwe picha ya kifua," Joan aliandika. "Lakini kazini hawataniachia."

Sue alijibu hata kabla ya kuvua buti. "Nenda, rafiki yangu. Hakuna kazi ya kufa nayo. Wakikataa, nenda tu."

Ijumaa ya wiki hiyo, hakuna aliyekamua. Sue aliamshwa na ng'ombe waliokuwa wakilia bandani, viwele vimejaa mpaka vimekuwa vigumu. Chelagat, aliyekuwa mkamuaji wake kwa miaka tisa, hakuonekana. Kipkemei, msimamizi wa shamba, alijaribu, akapigwa teke. Kufikia Jumamosi, Malaika, ng'ombe aliyekuwa akilisha shamba zima, alikuwa akitoa maziwa yenye damu.

Chelagat alirudi asubuhi hiyo, akasimama mlangoni mwa banda na sweta yake ya kazi.

"Uliniomba ruhusa ya Ijumaa, nikakuambia hapana," Sue alisema. "Nilisema ama sikusema?"

"Ulisema, madam. Lakini wewe mwenyewe uli—"

"Mimi mwenyewe nini?"

Chelagat alimtazama. Katika miaka yote hiyo maneno yao yalikuwa ya ndoo, chuchu na chumvi ya ng'ombe.

"Hakuna, madam."

"Basi chukua vitu vyako uende."

Chelagat aliosha ndoo zote nne, akazipindua juani, ndipo akaondoka. Hakuaga.

Jioni Sue aliandika makala marefu yenye hasira kuhusu watu unaowaamini. Kisha akamwandikia Joan. "Wewe ungenielewa. Ulienda hospitali? Walisema nini?"

Joan hakujibu.

Wiki ikapita, ikawa mbili. Malaika alipona, lakini nusu ya kiwele ilikauka. Mkamuaji mpya alidumu siku kumi na moja. Agosti sakitu, ule umande ulioganda, ikashuka, ikaunguza viazi vyote vikawa vyeusi kama vilivyopitiwa na moto, na Sue hakupiga hata picha moja. Ng'ombe waliobaki akamuuzia mchinjaji wa Molo. Alikuwa haandiki tena kuhusu shamba. Aliandika, "Joan, uko?" Aliandika, "Nijibu neno moja tu." Akawa anaamka na kushika simu kabla ya miwani.

Oktoba, Kipkemei alikuja jikoni ameshika kofia mkononi.

"Madam, Chelagat ametuacha. Ni kifua. Daktari wa Nakuru alisema ni matibabu ya miezi, na yeye hakuwa na kazi tena. Alikaa tu nyumbani. Tunazika Alhamisi."

Sue aliweka kikombe mezani. "Sikujua alikuwa mgonjwa."

"Hukuuliza, madam," Kipkemei alisema, taratibu, bila ubaya. "Ukienda itakuwa vizuri."

Alienda kwa sababu ilikuwa adabu kwenda. Hema lilikuwa limesimamishwa kwenye nyasi ng'ambo ya mto, kina mama wa kanisa wakiimba, watu wakigeuka kumwangalia. Alitafuta kiti cha nyuma kabisa. Msichana aliyevaa sare ya sekondari alimjia, akamwamkia, akampa karatasi ya ratiba ya mazishi. Alikuwa Jerop, binti wa marehemu.

Chini ya picha palichapwa jina kamili: Joan Chelagat Koech.

"Madam, kuja mbele ukae na sisi," Jerop alisema, akimshika mkono. "Mum alituambia tusikukasirikie. Alisema ukiwa kwa simu wewe ni mtu mwingine kabisa."