Msiba wa Mashimba

Hii ilikuwa mara ya nne Odeta kufa mwezi huu.

Alilala chali sehemu ya nyuma ya gari aina ya Noah, juu ya katoni za sabuni, amefunikwa shuka jeupe kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Harufu ya sabuni ilimwasha pua. Marehemu hapigi chafya, basi akabana pumzi na kumwomba Mungu foleni isogee.

"Ujitikise tu, utanitambua," alisema mumewe, Mashimba, kutoka kwenye usukani.

Maiti ana faida yake, hadaiwi majibu.

Balaa lilianza siku kamera zilipofungwa kwenye kizuizi cha Kigongo, kabla ya kuingia daraja la kuvukia ziwa kwenda Busisi. Kamera inasoma namba ya gari, na ushuru unakatwa kwenye simu ya mwenye gari kabla hajabadili gia. Madereva wa stendi ya Buzuruga wakaapa hawalipi. Wengine walipaka pleti namba tope, wengine wakaikunja kama chapati. Ikatoka amri: ukificha namba, gari linashikiliwa na wewe unalala ndani. Gari la msiba tu ndilo lililosamehewa, maana hufungwa matawi mbele na nyuma, na nani mwenye uso wa kumwambia mfiwa ayang'oe? Mashimba, mtu ambaye hata chumvi ya jirani hairudishi, akakata matawi, akafunika namba, akamlaza mkewe.

Si kwamba Odeta alikubali. Alipokataa, jino lake la mbele lilibaki sakafuni. Na kukimbia alishakimbia, tena mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda kwa baba yake, Bujora. Baba alimpa uji, na siku ya tatu akamrudisha, kwa sababu ng'ombe wa mahari yake walishatolewa kumwolea kaka yake mke, na wa kurudisha hawapo. Mara ya pili Mashimba aliripoti polisi kwamba mkewe amepotea. Walimkuta stendi ya Nyegezi, wakamkabidhi kwa mwenyewe. Mambo ya ndoa, walisema, mkayamalize nyumbani.

"Nenda hata Bukoba," Mashimba alimwambia siku ile. "Mimi naandikisha tu, wao watakuleta."

Odeta aliamini, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu hapo aliacha hata kulia.

Mara tatu za kwanza askari walipunga mkono tu, gari likapita. Juzi amri ikabadilika: sharti kibali cha mazishi chenye jina la marehemu, pamoja na kitambulisho chake. Mashimba hakukosa mtu wa kughushi mihuri, ila alikwama kwenye jina.

"Andika langu," Odeta alisema huku akichambua mchele. "Wakinifunua, sura na kitambulisho vitalingana. Usije ukapata matatizo bure, mume wangu."

Mashimba alimtazama. "Siku hizi umepata akili," alisema, akafurahi hadi akamnunulia soda.

Sasa buti zilisikika zikikanyaga changarawe. Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Mke wangu huyu. Kazi ya Mungu."

Shuka likafunuliwa. Odeta alihisi jua kwenye kope, na nzi akamtua mdomoni. Moyo ulimdunda hadi akadhani katoni zinatikisika. Akifungua jicho moja tu, mumewe analala mahabusu. Lakini alijua pia kwamba mahabusu watu hutoka, na akitoka atarudi nyumbani kwake. Akatulia.

"Samahani kwa usumbufu," askari alisema, akimfunika. "Jana tumemkamata mmoja na jeneza la mawe. Gari tumelishikilia, mwenyewe yuko ndani. Ndiyo maana sasa tunaingiza majina ya marehemu kwenye mashine, yanakwenda vituo vyote. Weka dole gumba hapa, kuthibitisha kama mume."

Mashimba akaweka dole gumba, haraka haraka.

Ng'ambo, upande wa Busisi, aliegesha gari akashuka kung'oa matawi, anajichekea. Odeta aliomba kwenda chooni. Kwenye pindo la kanga alikuwa na nauli, jasho la wiki tatu za kuuza mchicha kwa siri. Akapitiliza nyuma ya vyoo, akadandia basi linalorudi Mwanza, akakaa dirishani.

Walipomaliza daraja, basi likakwama kwenye foleni ya kizuizi. Odeta akachungulia. Mashimba alikuwa anashuka kwenye bodaboda, anamkimbilia askari yuleyule, hatua chache tu kutoka dirisha lake. Odeta akajikunja kwenye kiti, akajifunika kanga. Hapakuwa na pa kukimbilia, mlango wa basi ulikuwa upande wao.

"Mke wangu amepotea," Mashimba alisema, anahema. "Simamisheni mabasi yote, mpekue. Mlishawahi kunirudishia nyinyi wenyewe."

"Jina lake?" askari aliuliza, kidole tayari kwenye mashine.

"Odeta Mashimba."

Askari akaandika. Akasoma kilichotokea, akamtazama mzee, akasoma tena. Mashimba alifungua mdomo aseme mkewe yu hai, akamkumbuka yule wa jeneza la mawe. Akaufunga.

Askari alivua kofia, akamshika bega kwa upole.

"Pole sana, mzee. Msiba huchanganya akili," alisema. "Sasa marehemu umemwacha na nani?"